Shajara ya Falaki: toleo 0.7, vyombo na farumi

Jumatatu, wiki ya 1

Toleo 0.7 limefunguliwa leo asubuhi na kazi yake ni moja tu: vyombo. Soko la madini, sauti za injini, michoro mipya ya bandari, vyote vitangoja. Tumekubaliana hivyo sote wanne juu ya chai na mahamri, hapa ghorofani Kibokoni, Mombasa, madirisha wazi kwa sababu stima ilikuwa haijarudi na feni imelala.

Kwa anayeifungua shajara hii mara ya kwanza: Falaki ni mchezo wa mtandaoni ambamo kila mchezaji ni nahodha wa chombo cha anga. Dunia, Zuhura, Mirihi na miezi ya Mshtarii ziko mahali pake na zinazunguka kwa mwendo wake, ila saa ya mchezo yaenda mbio: siku 1 ya kwetu ni siku 30 za huko. Mchezaji mpya huanzia Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwa sababu roketi zilirushwa kweli upande ule, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Setilaiti ya Uhuru iliondokea hapo tarehe 12 Desemba 1970. Pale ni karibu na ikweta, na kwenye ikweta Dunia yenyewe hukipa chombo mwendo wa karibu mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki kabla hujawasha kitu. Mwendo huo umo kwenye mchezo. Naupenda sana, na kila anayeuliza kwa nini tumeanzia Ngomeni humwonyesha huo kwanza.

Majina ya vyombo tumeyatoa pwani. Ngalawa ni ya mtu mmoja, nyepesi, ina injini mbili ndogo ubavuni pale ambapo ngalawa ya kweli ina matengo. Mashua ni ya ulinzi wa karibu na bandari. Jahazi ni la shehena. Sambuki ni manowari, kubwa na ghali. Mtepe nitaueleza siku yake ikifika.

Tatizo ni Ngalawa. Fungua ramani saa 3 usiku, wakati watu wengi wameingia, uone: Ngalawa tupu, zimejazana kama dagaa. Nahodha mmoja wa Tanga alituandikia kwamba ameiuza Sambuki yake aliyoisumbukia majuma mengi, akanunua Ngalawa 5 na kuwagawia binamu zake, na tangu siku hiyo hawajashindwa. Hakuwa analalamika, alikuwa anatupa habari. Barua yake nimeisoma mara tatu. Mtu akiuza chombo anachokipenda kwa kuwa hesabu imemlazimisha, hesabu hiyo tumeiandika sisi na ni juu yetu kuirekebisha.

Jumanne

Leo sikugusa kibodi hadi alasiri. Nilikaa na karatasi.

Sambuki 1 bei yake ni Ngalawa 5. Ngalawa ina uhai 100 na mizinga yake inaondoa 10 kwa sekunde. Sambuki ina uhai 500 na inaondoa 20. Tulipoziweka namba hizi tuliona ni haki: bei mara 5, uhai mara 5, na juu ya hapo mizinga mara 2.

Sasa zikutanishe. Sambuki inahitaji sekunde 5 kuangusha Ngalawa moja. Ndani ya sekunde hizo 5 Ngalawa zote tano zinapiga pamoja, kwa hiyo 250 zimeondoka. Sekunde 5 za pili zinapiga nne, zimeondoka 200. Sambuki imebaki na 50, na Ngalawa 3 zilizosalia zinaimaliza kabla ya sekunde 2 kupita. Fedha zilezile zimeingia vitani pande zote mbili. Upande mmoja hauna kitu, upande wa pili una vyombo 3.

Nikasema labda Sambuki zikiwa mbili zitasaidiana. Sambuki 2 kwa Ngalawa 10, kila upande ukielekeza moto wake wote mahali pamoja. Zinabaki Ngalawa 7! Hapo kwanza walisalia 3 kati ya 5, sasa 7 kati ya 10. Kadiri vita vinavyokua ndivyo mwenye Sambuki anavyozidi kuumia.

Jambo hili si geni. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliliandika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alipokuwa akifikiria ndege za kivita. Pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya kundi huenda kwa mraba wa idadi yake. Ukizidisha ubora wa mzinga mara 2, nguvu yako imekuwa mara 2. Ukizidisha idadi mara 2, nguvu yako imekuwa mara 4. Mchezo wetu ni anga tupu, hakuna mlima wa kujificha wala uchochoro wa kumkinga mtu, na kila mmoja anamwona kila mmoja. Hakuna mahali ambapo kanuni ya Lanchester ingefanya kazi vizuri zaidi.

Alhamisi

Tumejaribu njia ya mkato, kwa siku moja, kwenye seva ya majaribio tu. Mizinga ya Sambuki tukaipandisha kutoka 20 hadi 40. Kwa karatasi ni nzuri: inaangusha Ngalawa kila sekunde 2 na nusu, inapoteza 375 kwa jumla, inatoka hai na 125.

Jioni mdogo wake dada anayetuchorea vyombo alikuja kucheza kwa mara ya kwanza. Aliondoka Ngomeni na Ngalawa yake, akakutana na Sambuki, na sekunde 2 na nusu baadaye skrini ikawa nyeusi. Akaanza tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu aliiondoa mikono kwenye kibodi akauliza, "Nimefanya nini?" Hakuwa amefanya lolote. Tulikuwa tumemtendea haki mwenye Sambuki kwa kumwonea mgeni. Nimerudisha 20 kabla ya Isha.

Jumamosi

Ami alikuja leo. Ni ndugu wa baba, ujana wake aliumalizia kwenye majahazi, Lamu, Unguja, Pemba, na mara kadhaa hadi Ghuba. Siku hizi magoti yamsumbua na safari yake kubwa ni kutoka nyumbani hadi barazani kwa wanywa kahawa. Alizipanda ngazi zetu polepole, akakaa, akatazama skrini kwa muda mrefu. Majahazi mawili yalikuwa yakipishana kati ya Dunia na Mirihi.

"Hiki kimepakia?"

"Kimejaa madini, ami."

"Na kile?"

"Kile kitupu, kinarudi."

"Mbona vyaenda sawa, mwanangu?"

Vilienda sawa kwa sababu katika toleo 0.6 shehena ni namba kwenye orodha. Ukipakia tani 300 za chuma, chombo hakijui. Nikamweleza hivyo. Akanyamaza, kisha akaanza kunifunza, akitumia kikombe na kisahani chake. Jahazi lililojaa limekaa ndani ya maji, limetulia. Jahazi tupu ndilo linalomnyima nahodha usingizi, kwa sababu mlingoti, foromali na tanga viko juu na chini hamna kitu cha kuvikabili. Upepo wa ubavuni ukija unalilaza. Kwa hiyo hutiwa farumi, mawe au mchanga, chini kabisa ngamani. Na kuipanga farumi si kazi ya mtu yeyote tu: ikizidi tezi, kule nyuma, omo ya mbele huinuka na chombo hakishiki njia, ikizidi omo, chombo huchimba wimbi.

"Farumi yenu iko wapi?" akauliza.

Wiki nzima nimekuwa nikiangalia mizinga. Nimelala na swali lake.

Jumapili

Siku ya mapumziko, lakini nimeandika ukurasa mmoja kwenye daftari. Kwa kifupi: hesabu yangu ya Jumanne ilianza pale vyombo vilipokutana. Haikuuliza vimefikaje pale. Ngalawa ya kweli haivuki kwenda Muscat, hata nahodha wake awe hodari vipi. Katika Falaki inavuka, bila gharama, na ikifika ni kali kama ilivyotoka. Tutaanza na uzito, na mizinga tutaiacha ilivyo.

Jumatano, wiki ya 2

Siku tatu za msimbo. Kila kitu sasa kina tani zake: ganda la chombo, mafuta, shehena, hata risasi. Injini haitoi tena kasi, inatoa msukumo, na chombo kinachapuka kulingana na uzito kinaoubeba wakati huo.

Ngalawa ya zamani ilikuwa inachapuka mita 400 kwa sekunde kila sekunde, mara 40 ya mvutano wa Dunia. Rubani wa ndege za kivita aliyefunzwa na kuvaa vazi maalumu huvumilia kama mara 9, tena kwa muda mfupi. Tumeiweka Ngalawa kwenye mita 80, mara 8 na kidogo. Yule kijana wetu wa seva aliogopa itahisi nzito. Inahisi nzito, ndiyo. Sasa unapogeuka lazima uamue mapema, na nikiwa naiendesha nilijikuta nimeinama na kiti changu upande ninaokwenda.

Alhamisi, wiki ya 2

Hili hatukulitarajia. Jahazi lililojaa ni tani 400, tupu ni tani 80. Injini ni ileile. Kwa hiyo Jahazi lililojaa linachapuka mita 4 kwa sekunde kila sekunde, na likiwa tupu ni mita 20. Saa 4 usiku wajaribu wawili walitupa shehena yao yote angani, wakajifunga mikanda, wakaelekeza omo kwenye Sambuki na kusukuma injini hadi mwisho. Tani 80 zikija kwa kilomita 2 kwa sekunde hazisimamishwi na ngao yoyote tuliyoiandika. Sambuki 3 zimepasuliwa usiku mmoja na vyombo vya kubebea madini.

Hivi ndivyo anga linavyofanya kazi kweli, na sikutaka kulikanusha kwa kuandika sheria kwamba Jahazi haliwezi kugonga. Sheria ya namna hiyo mchezaji huihisi kama ukuta wa kioo. Nikarudi kwenye kisahani cha ami.

Jumamosi, wiki ya 2

Angani hakuna chini wala juu, kwa hiyo farumi ya huko haizuii kupinduka na upepo. Lakini kitovu cha uzito kipo. Injini ikisukuma kwenye mstari unaopita katika kitovu hicho, chombo kinaenda mbele. Mstari ukipita pembeni yake, hata kwa mita moja, sehemu ya msukumo inageuka kuwa mzunguko, na chombo kinaanza kujiviringisha kama gurudumu.

Jahazi letu lina chumba cha mabaharia juu na ghala la shehena chini, na injini zake zimepangwa kwa chombo kilichopakia. Dada wa michoro aliichora hivyo tangu mwanzo kwa sababu ya sura, na sasa sura hiyo imekuwa na kazi. Jahazi likiwa tupu, kitovu cha uzito kinapanda mita 1 na nusu kuelekea chumba cha mabaharia. Washa injini nusu, injini ndogo za pembeni zinamudu kulinyoosha. Washa zote, zinashindwa, na Jahazi linapiga mapindu angani huku vyombo vya mabaharia vikigonga kuta.

Anayetaka kurudi bila mzigo sasa anajaza maji kwenye tangi la chini. Tumeliita farumi. Limeandikwa hivyo kwenye skrini ya nahodha, herufi kubwa, karibu na kipimo cha mafuta. Na Jahazi lenye farumi ni zito, kwa hiyo halina tena ule mchapuko wa kugonga nao. Wale wajaribu wawili wamejaribu tena jana usiku kucha. Mmoja amefanikiwa mara moja, kwa kuwasha injini kidogo kidogo kwa dakika nyingi, na Sambuki ilikuwa imemwona zamani. Hilo ni shambulio la haki, nimeliacha.

Kuna jambo jingine limeingia pamoja na hili, na nadhani ndilo litakalowafurahisha wapakiaji. Uzito ulio mbali na kitovu hufanya chombo kiwe kigumu kugeuza, na ugumu huo huenda kwa mraba wa umbali: sanduku ulilolitoa mita 3 ukaliweka mita 6 linakataa kugeuka mara 4 zaidi. Kwa hiyo kupanga shehena kumekuwa ufundi. Mwenye haraka atajaza ovyo na kugeuka kama meli kubwa inayoingia Kilindini. Mwenye subira atabana mzigo mzito katikati, na siku ya kufukuzwa ataona faida yake.

Jumatatu, wiki ya 3

Mafuta. Hapa hesabu ni ya Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, mwaka 1903, na haijabadilika tangu hapo. Mabadiliko ya mwendo ambayo chombo kinaweza kujipa yanategemea kasi ya moto unaotoka na logi (hesabu inayokua polepole kuliko namba yenyewe) ya uzito wa kuondokea ukigawanywa kwa uzito wa kufikia. Hiyo logi ndiyo inayouma.

Ngalawa tupu ni tani 12, na injini zetu zinatoa moto kwa kilomita 10 kwa sekunde. Ukiitia tani 6 za mafuta, ina kilomita 4.05 kwa sekunde za kutumia. Ukiitia tani 12, ina 6.93. Ukiitia 24, ina 10.99. Mafuta yamekuwa mara 4, safari haijafika hata mara 3, kwa sababu unabeba mafuta ya kubebea mafuta. Tangi la Ngalawa tumelifunga kwenye tani 6. Kwa moto kamili ni kama sekunde 50, kisha kimya.

Kutoka njia ya Dunia hadi njia ya Mirihi kwa njia ile ya kawaida ya nusu duaradufu unahitaji kilomita 5.6 hivi kwa sekunde, bila kuhesabu mvutano wa sayari zenyewe. Ngalawa ina 4.05.

Ngalawa haifiki Mirihi!

Jumanne, wiki ya 3

Sikupata usingizi vizuri, kwa furaha. Asubuhi nilimpa dada wa michoro kalamu, yeye ni mwepesi wa hesabu kuliko mimi, nikamwambia: Ngalawa ngapi zinaingia kwenye Jahazi na zikafika Mirihi?

Ngalawa 1 yenye mafuta ni tani 18. Jahazi kamili ni tani 400 wakati wa kuondoka, na kisicho Ngalawa wala ganda ni mafuta. Ngalawa 8 ni tani 144, ganda 80, jumla 224, mafuta 176. Inatoka kilomita 5.8 kwa sekunde. Inafika, imebakiza kidogo. Ngalawa 9 ni tani 162, mafuta yanabaki 158, inatoka 5.03. Haifiki.

Nane zinafika, tisa hazifiki. Hatukuandika popote kwamba kundi la Ngalawa lisizidi idadi fulani. Namba imetoka kwenye uzito wenyewe. Anayetaka Ngalawa 16 kule Mirihi atatafuta Majahazi mawili, na kila Jahazi ni kitu kikubwa, cha polepole, kinachoonekana toka mbali na kinachohitaji kulindwa. Sambuki sasa ina windo. Haihitaji kupigana na kundi zima. Inahitaji kulipata Jahazi lake.

Kwa karibu na Dunia, Ngalawa bado ni mfalme. Ngalawa 5 bado zinaiua Sambuki 1 kama karatasi yangu inavyosema, na sitaibadilisha hiyo. Pwani ni ya vyombo vidogo.

Tumeongeza pia msimu. Dunia na Mirihi hurudi kwenye mkao uleule kila baada ya siku 780, na nje ya hapo safari ni ndefu na ghali. Kwa saa ya mchezo ni siku 26 za kwetu. Majahazi ya kweli yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na mji huu ulijua mwezi wa kungoja wageni na mwezi wa kuwaaga. Sasa bandari ya Mirihi nayo itajua. Safari yenyewe ni siku 259 hivi, yaani karibu siku 9 za kwetu, na nahodha anaweza kulala, kwenda kazini na kurudi kuangalia njia.

Ijumaa, wiki ya 3

Stima ilipotea kuanzia Asubuhi hadi Maghrib, tumefanya kazi na simu na betri moja. Mtandao basi.

Seva iko Ulaya, wachezaji wengi wako pwani hii. Nyaya za baharini zinatua hapahapa Mombasa, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zote tangu 2009, lakini mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, si zaidi. Kila kilomita 10,000 za waya ni milisekunde 50 za kwenda na 50 za kurudi, kabla ya kuhesabu ruta na minara. Mchezaji wa Likoni anapofyatua, seva inapata habari kitu kimeshasogea. Sisi huirudisha saa ya seva nyuma, hadi milisekunde 200, kuangalia alikuwa ameona nini alipofyatua.

Kijana wa seva ndiye aliyegundua, nami namshukuru hapa. Ngalawa ya zamani, kwa mchapuko wa mita 400, iliweza kuhama mita 8 kutoka mahali ilipotarajiwa ndani ya hizo milisekunde 200. Ngalawa nzima ina urefu wa mita 12. Ndiyo maana watu walikuwa wakipiga hewa na kulaumiana. Kwa mchapuko wa mita 80 inahama mita 1.6. Sasa seva ikikisia, inapatia. Uzito umefanya kwa mtandao kazi ambayo tuliihangaikia miezi kwa njia nyingine.

Jumamosi, wiki ya 4

Jaribio kubwa. Watu 12 hapa chumbani, wengine Malindi, Unguja na Tanga. Viti havikutosha, wengine walikaa mkekani na kompyuta mapajani. Mamangu alituletea viazi karai na ukwaju.

Upande mmoja Jahazi 1 lenye Ngalawa 8. Upande wa pili Sambuki 2. Mahali: njia ya kuingilia Mirihi.

Kwa dakika 20 hakuna risasi iliyotoka, na chumba kilikuwa kimya kuliko siku zote nilizokishuhudia. Nahodha wa Jahazi alikuwa anatafuta wakati wa kuziachia Ngalawa. Akiziachia mapema, mafuta yataishia njiani. Akichelewa, Sambuki zimemfikia. Akaziachia sita akabakisha mbili, na mimi nisingefikiria hivyo. Sambuki moja ikaenda kuzikabili zile sita, ya pili ikazunguka kulifuata Jahazi. Ile ya kwanza iliuawa. Ya pili ilililemaza Jahazi, ikaondoka ikivuja. Kila upande ulidai umeshinda, na kwa nusu saa walibishana kwa raha.

Kisha tukasikia sauti kwenye spika. Mmoja wa Ngalawa, kijana wa Malindi, alikuwa ameifukuza Sambuki mbali mno. Mafuta sifuri. Alikuwa anaelea kuelekea nje ya njia ya Mirihi, na Jahazi lake halikuweza kumfuata. Aliomba msaada kwa adabu, kama mtu anayeomba kushushwa mwisho wa gari. Sambuki ile ya adui, yenye uhai 40 tu uliobaki, ikageuka ikaenda kumchukua. Hakuna zawadi tuliyoiandika kwa kufanya hivyo. Hata kamba ya kuvutia chombo haikuwapo kwenye mchezo. Nahodha wa Sambuki alimsukuma kwa omo, taratibu, dakika 40, hadi bandarini.

Kamba ya kuvutia ndiyo kazi ya kesho.

Jumatano, wiki ya 5

Toleo 0.7 liko hewani tangu juzi, na kamba imo.

Nahodha wa Tanga ameandika tena. Hajafurahi. Ngalawa zake 5 zimelala Ngomeni, binamu zake hawana Jahazi, na soko lao lilikuwa Mirihi. Ana haki. Tulikata mguu wa biashara yake bila kumpa gongo. Leo tumeandika mikataba ya nauli: mwenye Jahazi anatangaza nafasi na tarehe ya kuondoka, mwenye Ngalawa analipia tani zake, nusu akipakia, nusu akishuka. Nimemjibu mwenyewe na kumwambia nafasi mbili za kwanza zinafunguliwa msimu huu. Bei ya nafasi tumewaachia manahodha wapatane wenyewe.

Mtepe pia umeingia. Mtepe wa kale ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, na mbao zake zililegea na kurudi wimbi lilipoupiga. Wetu una ganda la vipande vilivyoshonwa: ukigongwa, nguvu inasambaa mwilini badala ya kupasua mahali pamoja, na mabaharia wanaweza kuushona upya safarini. Ila mshono hauvumilii joto, kwa hiyo hauwezi kuwasha injini kwa nguvu zaidi ya nusu. Bado sijui nani ataupenda. Mimi naupenda.

Ijumaa, wiki ya 5

Ami alikuja baada ya Swala, na kanzu yake. Nilimwonyesha Jahazi tupu likiondoka Mirihi na tangi la farumi limejaa. Aliangalia kipimo, akaniambia nipunguze upande wa tezi kidogo. Nikapunguza, chombo kikatulia. Akatikisa kichwa kukubali.

Jahazi lilipofika Ngomeni na kuanza kupakia, nikafungua tangi, maji yakatoka angani, ukungu mweupe.

"Yamwagwa?" akauliza.

"Farumi haina kazi tena, ami. Mzigo umeingia."

"Mawe twaliyamwaga kwa sababu ni mawe. Haya ni maji. Huko kwenu maji yapatikana wapi?"

Dada wa michoro alikuwa ameshavuta daftari. Maji yakichemshwa na kutolewa kwa nguvu ni msukumo, mdogo kuliko wa mafuta yetu, lakini ni msukumo, na nahodha aliyebeba tani 90 za farumi kutoka Mirihi angeweza kufunga breki nazo anapokaribia Dunia na kuokoa mafuta ya safari nyingine. Itabidi kitovu cha uzito kihesabiwe upya kila sekunde tangi linapopungua, na seva italalamika.

Jumatatu tunafungua 0.7.1. Kazi ya kwanza: bomba kutoka tangi la farumi hadi injini.